Baraza Asilolikalia Mama

Dada yangu aliyasema mara moja tu, kwenye simu, wala hakupandisha sauti. Mama akianguka tena njiani, alisema, siku hiyohiyo anakuja kumchukua ampeleke kwake Kiembe Samaki, na mimi nisije nikafungua mdomo. Nilikuwa nimesimama nyuma ya meza ya duka langu, duka la nyuzi, vifungo na zipu lililo kwenye kichochoro kimoja cha Mji Mkongwe, karibu na nyumba yetu, na mkononi nina mkasi. Nilitaka kumjibu. Lakini dada ndiye mkubwa, na kwetu mkubwa akishasema kwa sauti ya chini huna tena la kujibu. Nikasema naam, nikakata simu, nikaukata na uzi wa mteja mahali pasipo pake.

Mama alikuwa ameanguka jana yake. Alikuwa akirudi sokoni Darajani na kikapu chake, vespa ikatokea konani kwa kasi, akajibana ukutani aipishe, mguu wake ukakwaa kwenye stendi ya picha ambayo jirani yangu wa mbele alikuwa akiiweka chini ya baraza lake. Akaenda chini kwa magoti. Hakuvunjika, alhamdulillahi. Alichubuka kiwiko, tungule zikatawanyika njiani, na mtalii mmoja akaziokota kwa adabu sana na kumrudishia. Mama alimshukuru, akajikung'uta vumbi, akaniambia nisimwambie dada. Nani aliyemwambia dada sijui mpaka leo. Mji wetu huu, ukipiga chafya Mkunazini unaombewa rehema Shangani.

Wapo wanaouliza: mwanamke aliyevuka miaka thamanini anakwenda sokoni kufanya nini, na mwanawe yupo? Nimeulizwa sana swali hilo na kila nikiulizwa hupandwa na hasira. Mama hatumi mtu sokoni. Samaki humfunua mashavu mwenyewe, mbatata huzichagua huku akimsema muuzaji, na akirudi huwa amebeba habari: nani kajifungua, nani yuko kitandani, nyumba ya nani inauzwa. Habari hizo ndizo zilizokuwa zikimpandisha ngazi za nyumba yetu, si miguu. Nilikwisha kuona mwisho wa mtu aliyekatazwa kwenda sokoni. Shangazi yetu alichukuliwa na wanawe, kwa mapenzi mema kabisa, wakamweka katika nyumba nzuri yenye ukuta na geti, friji limejaa, na duka la karibu liko ng'ambo ya barabara ambayo magari hayamsubiri mtu. Hakukosa kitu. Alianza kwa kuacha kuuliza leo siku gani, akaishia kwa kuacha kututambua. Mimi niliogopa, nasema kweli. Kila mama akitoka asubuhi nilikuwa sipati kazi ya maana mpaka nimwone amerudi.

Dada hakuyaona hayo, au ndivyo nilivyokuwa nikijiambia. Yeye mjini alikuwa haji tena ila kwa msiba. Kazi yake ilikuwa kupiga simu na kutoa amri, na jambo hilo lilinikera.

Basi nikaamua kwamba kama mama anaanguka kwa sababu ya kichochoro, kitakachobadilika ni kichochoro. Kilikuwa kimebadilika vya kutosha kwa upande wa pili. Mahali palipokuwa na muuza mchele pakawa duka la vinyago. Muuza mafuta ya taa akaondoka, wakaja wauza vikoi na sumaku za kubandika kwenye friji. Bidhaa zikatoka ndani zikakaa juu ya mabaraza, zikashuka chini ya mabaraza, zikakutana katikati ya njia. Mtu mwenye kikapu alilazimika kwenda upande upande, na mama mwenye mtoto mgongoni alisubiri mwenzake apite kwanza. Jirani yangu wa mbele ndiye alikuwa bingwa. Tumekua pamoja, tumepigwa fimbo na mwalimu mmoja chuoni tukisoma Kurani, lakini tangu aanze kuuza picha za simba na machweo alikuwa haoni tena mtu asiyevaa kaptura.

Nilikwenda kwa sheha wetu nikaomba kikao cha wenye maduka. Tulikaa baada ya sala ya alasiri, na sikuzungusha maneno. Nilitaka mabaraza yaondolewe bidhaa ili wazee wapate pa kupumzika, chini ya mabaraza pasiwekwe kitu, na asubuhi wenye vespa wazime wazisukume mpaka wavuke maduka. Wenye vespa wakasema kusukuma vespa ni sawa na kumnunua punda halafu ukambeba wewe. Watu wakacheka. Jirani yangu hakucheka. Alisema wazee wananunua nini, mafungu mawili ya mchicha, na akatukumbusha kuwa mgeni njoo, mwenyeji apone.

Nikamwuliza mwenyeji atapona vipi na hana pa kupita. Hapo ningenyamaza ningekuwa nimeshinda. Lakini nina ulimi mrefu kuliko akili yangu nikikasirika, nikaongeza kuwa mama yake mwenyewe, Mungu amrehemu, angekuwa hai leo asingeona pa kukanyaga mlangoni mwake. Jirani yangu akainuka, akasema atatoa vitu vyake nje, na kwamba salamu baina yangu na yeye zimekwisha.

Alitimiza ahadi. Kesho yake baraza lake lilikuwa jeupe, na wengine wakafuata, wengine kwa hiari na wengine kwa kuogopa maneno. Nilinunua saruji mfuko mmoja nikaziba mabaraza yaliyomeguka, nikapaka chokaa, na karibu na kona, mahali penye kivuli mpaka adhuhuri, nikatandika mkeka. Wazee wetu walikuja siku hiyohiyo, wanaume wa makamo na watu wazima kabisa, wakakaa, muuza kahawa akahamia hapo, kete za dhumna zikaanza kugonga. Mmoja aliniombea dua hadharani. Nikampigia dada nikamwambia mama sasa ana pa kupumzikia toka sokoni mpaka nyumbani. Akasema haya, tutaona.

Asubuhi iliyofuata nilisimama mlangoni kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani. Mama akatokea konani. Akafika kwenye baraza lenye mkeka, wanaume wakamwamkia, shikamoo bi, akaitikia marahaba, wakasogea wakampisha nafasi. Akatazama mkeka. Akasema nnakwenda, nnakwenda, akapita. Hatua chache mbele, jua linapochoma, akasimama akaegemeza kiganja ukutani, kikapu kimemning'inia, kichwa kimeinama. Nilimkimbilia nikampokea kikapu. Nikamwuliza kwa nini hakukaa. Akasema hakuchoka. Uso wake ulikuwa umelowa jasho na midomo imekauka.

Na siku ya pili yake ikawa vilevile, na nyingine, na nyingine. Mabaraza yote yako wazi, safi, na mama anayapita na kwenda kusimama juani. Nilimtolea kiti changu cha nyuma ya meza, kwa sababu duka langu ni kijitundu, mteja husimama njiani, hamna pa kumkalisha mtu ndani. Alikikataa kile kiti. Alisema hawezi kukaa anatazamana na kila mpita njia kama bidhaa. Nikakasirika. Nilianza kumwona mkaidi, na nikaanza kufikiri, Mungu anisamehe, kuwa labda dada ana haki, labda umri umeshafika huko. Jirani yangu alikuwa akiyaona yote toka dukani kwake. Siku moja akavunja kimya chake akaniuliza, bila ya salamu, mbona mwenye baraza mwenyewe halikalii.

Haikuchukua muda, habari zikafika Kiembe Samaki kuwa mama huonekana ameegemea kuta. Dada akapiga simu. Jumamosi atakuja, alisema, atatembea nyuma ya mama toka sokoni mpaka nyumbani, na atakachokiona kwa macho yake ndicho atakachokiamulia. Nilijua ataona nini. Ataona mwanamke mzee anayeyumba juani, pembeni ya baraza tupu.

Jioni ile nilikwenda kukaa miguuni kwa mama. Nilimweleza wazi: Jumamosi usipokaa, utachukuliwa. Nilikuwa karibu kulia na sikumficha. Mama alikuwa akichambua mchele kwenye ungo, hakuinua macho.

"Weye mwanangu umesafisha baraza la wanaume," alisema. "Umefanya vizuri, na wao watu wazima, wanachoka. Lakini miye toka nizaliwe sijakaa baraza la njiani. Nijipenyeze katikati ya wanaume nnyooshe miguu, kwani miye sina kwetu?"

Katika mji huu nimekaa barazani tangu nilipoota ndevu, nimenywa kahawa, nimesikiliza siasa, nimesinzia, na katika miaka yote hiyo sikujiuliza kwa nini kando yangu hakukaa hata siku moja mwanamke wa rika la mama yangu. Vijana wa kike wa leo hukaa, wakapiga picha, wakala aiskrimu. Lakini mimi sikusafisha mabaraza kwa ajili yao. Nikamwuliza zamani, akitoka sokoni amechoka, alikuwa akipumzika wapi.

"Nikipiga hodi," alisema.

Akanieleza, na ungo ukasimama mapajani mwake. Kila nyumba ya kichochoro kile ilikuwa na daka, ile nafasi ya baada ya mlango mkubwa kabla hujaingia uani, yenye viti viwili vya mawe vinavyotazamana. Asubuhi wanaume wako kazini, milango imerudishwa tu. Mwanamke akitoka sokoni hupiga hodi, huitikiwa na mwanamke mwenziwe toka ndani, huingia dakani akatua kikapu, akashusha buibui mabegani, akanywa maji, akasikia habari na kutoa habari, akaenda zake. Hakuna aliyeita jambo hilo msaada. Mama alikuwa na milango yake mitatu minne toka Darajani mpaka kwetu. Mmoja sasa ni hoteli. Mmoja ni mahali watalii wanapokandwa mgongo. Mmoja una kufuli tangu wenyewe wahamie Omani. Na wa mwisho, ule aliokuwa akiupigia hodi zaidi kwa sababu mwenye nyumba alikuwa shoga yake wa tangu usichana, ni lile duka la picha la jirani yangu. Mwenye nyumba yule alikuwa mama yake.

Sikulala vizuri. Maneno niliyomtupia jirani yangu kikaoni yalikuwa yakinirudia, na nilijua ninakolazimika kwenda. Mtaka cha uvunguni sharti ainame, na mimi kuinama sijazoea.

Nilimkuta anatundika picha. Nikamwambia nilivyomtaja mamake mbele za watu nilikosa, na nimekuja kumtaka radhi. Hakugeuka. Nikamweleza ya dakani, ya mama yangu na ya mama yake, na kuwa Jumamosi dada anakuja. Nikamwomba nafasi dakani, kule nyuma ya pazia la duka, pale alipokuwa amelundika fremu na maboksi ya kufungia, na mkewe, ambaye anaishi juu ya duka, awepo kuitikia. Nilisema yote kwa pumzi moja kwa sababu ningepumua ningejuta.

"Umenitoa nje," alisema hatimaye, bado ananipa mgongo. "Sasa unataka unitoe na ndani."

Akaingia mtalii, akaanza kumweleza bei. Nilisubiri kidogo, nikaona sina ninalosubiri, nikarudi dukani kwangu. Nilimwambia mama kuwa nimeomba na sikujibiwa. Akasema mtu haingii pasipokaribishwa, na akaniuliza kama Jumamosi atapika mchuzi wa nazi kwa ajili ya dada au wa kukaanga.

Jumamosi ilikuwa na joto la kabla ya mvua, lile linalokaa vichochoroni halitoki. Dada aliachwa na gari Darajani. Nilifunga duka nikawafuata nyuma. Mama alikuwa mbele na kikapu, hataki kupokewa, dada nyuma yake kidogo, mimi nyuma ya dada. Vespa moja iliingia imewashwa, kijana akatuona, akazima. Tulipofika kwenye baraza lenye mkeka wanaume wakaamkia, wakasogea. Mama akaitikia, akapita. Dada akageuka akanitazama, na katika kutazama kule nilijua mama keshaondoka.

Mbele ya duka la picha mama akasimama. Niliona kisigino chake kimoja kikitafuta chini, kama mtu anayeshuka ngazi gizani. Akashika kizingiti cha mlango mkubwa kwa mkono mmoja. Dada akaruka mbele kumdaka, na mama, bila ya kumtazama, akanyanyua sauti.

"Hodi."

Ndani ya duka mtalii mmoja aligeuka. Dukani hakuna anayepiga hodi, mlango wa duka uko wazi kwa kila mwenye pochi. Jirani yangu alikuwa nyuma ya meza yake, ameshika kamba ya kufungia, hakusema neno. Na asingeweza kusema hata angetaka, kwa sababu mama asingeingia kwa sauti ya mwanamume.

"Hodi," mama akasema tena.

Hodi ni tatu. Ya tatu isipojibiwa, mwenye adabu huondoka, na mama yangu hakupata kuivunja adabu hiyo maisha yake yote. Dada alikuwa keshamshika kiwiko. Mimi nilitamani kupita kati yao niingie mule ndani nizitupe zile fremu kwa mikono yangu. Mama akavuta pumzi, akapiga ya tatu, na sauti yake safari hii ilikuwa ndogo, haikufika popote.

Halafu ngazi za ndani zikasikika, na sauti ya mke wa jirani yangu ikaja toka dakani, inahema.

"Karibu, bi. Karibu ndani, nlikuwa juu."

Pazia la nyuma ya duka likafunuliwa, na mimi nikaona. Fremu zilikuwa zimerundikwa zote upande mmoja mpaka karibu na boriti. Upande wa pili kiti cha jiwe kilikuwa kitupu, kimepanguswa, juu yake kumetandikwa mkeka na mto. Jirani yangu alikuwa ameyafanya yote hayo na hakuniambia, kwa sababu salamu zetu zilikuwa zimekwisha. Mama akavua viatu, akaingia. Nilimwona anakaa, anashusha buibui mabegani, na mkono wake unapapasa jiwe lile kando ya mto.

Dada alibaki mlangoni. Nilingoja aseme lolote, aseme ameshaona, aseme mama akapange nguo. Alikuwa akihema. Akanitazama mimi, akayatazama mabaraza, akalitazama tena lile pazia. Kisha akasema, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Hodi na miye," akavua viatu na kumfuata mama.

Mwanamume hana lake dakani wakati wanawake wamekaa. Nilisimama nje na viatu vyao. Jirani yangu naye akatoka, akasimama kando yangu, tukatazama njia. Baada ya muda akaniambia nisogee, namzibia wateja. Nikasogea. Nikamwambia ahsante, akasema ahsante mpe shoga wa mamake, siyo yeye.

Walikaa mpaka nikasikia mama anacheka. Alipotoka dada, macho yake yalikuwa mekundu, na alishuka kizingiti kwa taabu, kashika ukuta kwa mkono na goti kwa mkono wa pili. Sikuwahi kumwona akishuka hivyo. Nilimpa viatu vyake.

"Mama abaki," alisema. "Simchukui."

Nikasema alhamdulillahi. Yeye alikuwa bado ameinamia kiatu, hainuki.

"Miye nilimtaka aje kwangu kwa sababu siwezi kuja," alisema. "Goti limekwisha. Nikishuka garini, mpaka nifike kwetu hakuna mahali pa kukaa mwanamke. Nnafika katikati nnataka kulia. Nikaona nisipomchukua, nitakuja kumwona siku ya kumzika."

Nikamwuliza, na nilikuwa nimekasirika, sijui kwa nani, kwa nini miaka yote hiyo hakuniambia. Dada akanyooka polepole, akajitanda vizuri.

"Ningekwambia," alisema, "ungenionesha baraza."